Mifuko Iliyorudi na Basi

Kila Jumatatu Delphia Napier hupika maharage. Huyaloweka Jumapili akitoka kanisani, na asubuhi huyabandika jikoni pamoja na kipande cha mafuta ya nguruwe. Yakikaribia kuiva, huchanganya unga wa mahindi na maziwa ya mgando. Mchanganyiko huo huumimina kwenye kikaango cha chuma alichoachiwa na mama yake, akauoka mpaka mkate ushike rangi pembeni.

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, wajukuu wake wawili walikuwa mezani kabla hajawaita. Kelsie alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wake, Jace, alikuwa na miaka saba. Mama yao alikuwa jimbo jirani la Ohio, akifanya kazi kwenye ghala, na alituma pesa alipoweza. Babu yao, Hobart, alichimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakamshinda, akafariki. Sasa nyumba iliishi kwa pensheni yake.

Delphia aliwapakulia watoto. Kisha akakaa na kikombe cha kahawa.

"Bibi, sahani yako iko wapi?" Kelsie aliuliza.

"Nilishakula nikipika."

"Sikukuona."

"Nilikutuma ufagie baraza au unichunguze mimi? Kula, maharage yanapoa."

Kelsie alikula, lakini hakuacha kufikiri. Kazi ya kuosha vyombo ilikuwa yake. Wakati wa shule alikuwa anaosha sahani tatu kila jioni. Tangu shule ifungwe, alikuwa anaosha mbili.

Sababu haikuwa ngumu kuiona. Shule ilipokuwa wazi, watoto walikula kifungua kinywa na chakula cha mchana huko huko, bila malipo. Nyumbani walihitaji chakula cha jioni tu. Sasa walihitaji milo yote mitatu, na pensheni haikuongezeka. Maharage mabichi ya bustanini yalikuwa bado maua. Viazi vilikuwa bado vidogo kama kokoto.

Kwetu Bonde la Bata Mzinga kuna adabu ambayo kila mtoto hujifunza mapema. Wageni hula kwanza. Kwenye chakula cha kanisani, meza ikishaandaliwa, mama humtazama mwanawe kwa jicho moja tu, na mtoto hurudi nyuma akangoja. Kwanza wapakue wageni, kisha wagonjwa, kisha wenye shida. Mwenye nyumba hupakua mwisho, hata kama kimebaki kipande cha mkate tu. Delphia alikuwa amekula mwisho maisha yake yote. Hakuwahi kulisema, lakini alijivunia.

Adabu hiyo ndiyo iliyoleta matatizo basi lilipokuja.

Lilikuwa basi la shule, lile lile la manjano. Mchana lilisimama kwenye uwanja wa kanisa, pale bonde linapoanza. Dereva wake alikuwa Treva Sizemore, msimamizi wa jiko la shule. Wakati wa kiangazi alipika asubuhi na kuendesha basi mchana. Ndani ya basi kulikuwa na masanduku ya barafu, na ndani ya masanduku kulikuwa na mifuko ya karatasi. Kila mfuko ulikuwa na chakula cha mchana cha mtoto mmoja, na kifungua kinywa chake cha kesho.

"Nendeni," Delphia aliwaambia wajukuu. "Msalimieni Bi Treva. Lakini msichukue kitu mpaka akina Mosley wapate. Wakipata wote, na vikibaki, hapo ndipo mchukue."

Akina Mosley waliishi juu kabisa bondeni. Walikuwa na watoto wanne. Dhoruba ilikuwa imeharibu paa lao, na tangu hapo lilifunikwa kwa turubai la buluu.

Kelsie na Jace waliteremka. Walikaa kwenye ngazi za kanisa. Watoto wengine walikuwa wamekaa ukutani. Watoto wa Mosley walisimama ng'ambo ya barabara, karibu na daraja, wakirusha mawe kijitoni. Hakuna aliyesogea.

Treva alifungua mlango wa basi. "Haya, njooni. Leo kuna sandwichi za nyama na matofaa. Maziwa bado ya baridi."

Watoto walitazamana.

"Kelsie, wewe ndiye mkubwa. Njoo."

"Asante, Bi Treva. Tumeshakula," alisema Kelsie.

"Jana," alisema Jace.

Kelsie alimkanyaga mguu.

Treva alingoja mpaka muda wake ukaisha. Mtoto mmoja wa wapita njia alichukua mfuko. Mingine yote ilirudi na basi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na wiki nzima.

Jumatano ya wiki ya pili Treva hakukaa ndani ya basi. Alishuka, akaja kukaa kwenye ngazi kando ya Kelsie.

"Nataka mjue kwangu, msije mkasikia kwa watu," alisema. "Ijumaa ndiyo mwisho. Basi halitakuja tena huku."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna anayekula. Shule haiwezi kulipia mafuta ya basi kuleta chakula na kukirudisha."

Kelsie aliwaza kidogo. "Kikirudi, wanapewa akina nani?"

"Hakuna anayepewa. Barafu ikishayeyuka kwa joto hili, sandwichi hazifai tena. Nazitia pipani."

"Pipani?" Kelsie aligeuka kumtazama. "Bibi alisema akina Mosley watachukua."

"Akina Mosley hawajachukua hata mfuko mmoja, mwanangu. Wanasimama pale darajani kama nyinyi mnavyokaa hapa."

Kelsie alitazama ng'ambo ya barabara. Mvulana mkubwa wa Mosley alikuwa anatazama basi. Alipoona ametazamwa, aliinama akaokota jiwe.

"Bi Treva," Kelsie alisema polepole, "unaweza kuja nyumbani umwambie bibi? Mimi nikimwambia atasema nimetunga." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Siku hizi anakunywa kahawa tu."

Treva hakuuliza zaidi. Alifunga masanduku na kusema atapita akishamaliza kazi.

Alifika saa kumi jioni. Mbwa alimbwekea mpaka akamtambua. Delphia alimkaribisha barazani na, kama ilivyo kawaida kwetu, alimletea chakula kabla ya kumuuliza habari.

"Kuna maharage na mkate. Kaa ule."

"Kahawa inatosha, Bi Delphia."

"Umepika tangu alfajiri, halafu kahawa inatosha? Wewe mtoto wa Clell, usinitie aibu."

Treva alicheka. "Unaona? Hata mimi nimelelewa hivyo hivyo. Najua sufuria yako ina watoto wawili wa kulisha, ndiyo maana nakataa. Na hilo ndilo lililonileta."

Alimweleza habari za Ijumaa. Delphia alimsikiliza bila kubadilika uso.

"Ni vizuri," alisema. "Hicho chakula kipelekwe kwa wenye shida kuliko sisi."

"Hakipelekwi."

"Kwa nini kisipelekwe?"

"Ngoja nikueleze pesa inavyokuja. Inatoka serikali kuu, Wizara ya Kilimo. Inapita jimboni, inafika shuleni. Lakini haiji kama gunia ambalo tunaligawana mpaka liishe. Inakuja kwa kila mlo uliopewa mtoto. Nikimpa Jace mfuko, shule inalipwa mfuko huo. Nisipompa, shule hailipwi chochote. Mkate umeshanunuliwa, nyama imeshakatwa, mafuta ya basi yameshaungua. Hasara ni yetu."

"Kwa hiyo nikimzuia Jace..."

"Humwachii mtu kitu. Unapunguza tu."

Delphia alihesabu kimoyomoyo. Alikuwa mtu wa kupenda hesabu iliyo wazi, lakini hakuwa mtu wa kukubali haraka.

"Sisi tunayo kadi," alisema. "Ile ya chakula cha kiangazi. Dola arobaini kwa mwezi kwa kila mtoto. Nimenunulia unga na maharage hayo unayokataa kula. Sasa nichukue kadi, na mfuko nao nichukue? Huko si kula kwa mikono miwili?"

"Kadi ni ya dukani. Mfuko ni wa mchana. Ni mipango miwili, na sheria inaruhusu mtoto apate yote miwili. Waliopanga walijua kwamba dola arobaini hazijazi nafasi ya milo ya shule ya mwezi mzima. Wewe pia unajua."

"Na hao wa serikali wataniuliza napata kiasi gani? Sipendi kuulizwa."

"Hakuna atakayekuuliza. Eneo letu lote limekubaliwa, kwa sababu watoto wengi huku wana haki ya kula bure shuleni. Kwa hiyo mtoto yeyote mpaka miaka kumi na minane anapewa. Siulizi jina, siulizi kipato. Hata mtoto wa daktari akija, nampa."

"Mtoto wa daktari afuate nini huku? Hata daktari mwenyewe haji."

"Ndiyo maana nimesema akija."

Wote wawili walicheka. Kelsie alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. Alijua kwamba bibi akianza kutania, anasikiliza.

"Lakini Treva," Delphia alisema, "mimi sijawahi kuomba cha serikali."

"Barabara hii uliiomba? Shule uliiomba? Hobart alikatwa kodi kila alipolipwa mshahara, na wewe unakatwa kila ukinunua petroli. Kodi ndiyo hiyo inayonunua sandwichi. Hakuna aliyekupa sadaka."

Delphia alizungusha kikombe mkononi.

"Adabu yetu ni nzuri, na mimi nawafundisha watoto wangu," Treva aliendelea. "Lakini ni adabu ya sufuria moja. Kwenye sufuria moja, ukila sana mwenzako anakosa. Hii si sufuria ya namna hiyo. Hii haipungui mtoto akila. Hupungua mtoto asipokula."

Treva alimaliza kahawa, akaaga.

Alhamisi, basi lilipokwisha kuondoka na mifuko yake, Delphia alivaa viatu vyake vya bustani, akapanda bonde mpaka kwa akina Mosley. Kelsie alimfuata. Bibi alikwenda taratibu kuliko kawaida. Mara mbili alisimama na kushika uzio, akasema anatazama maua.

Tabitha Mosley alikuwa anaanika nguo. Alitia kibanio cha mwisho kwenye kamba, akaja getini.

"Bi Delphia, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nina swali, na nijibu kweli. Kwa nini watoto wako hawachukui chakula cha basi?"

Tabitha aliona haya. "Tunawaachia nyinyi."

"Sisi?"

"Mume wangu ana kazi siku hizi, si kubwa, lakini ni kazi. Wewe ni mjane na unalea wajukuu. Niliwaambia watoto, mpaka Kelsie na Jace wapate, asichukue mtu."

Delphia alimtazama, kisha akatazama turubai la buluu juu ya paa. "Na mimi niliwaambia wangu wasichukue mpaka wako wapate."

Kisha Tabitha akaanza kucheka, na Delphia akashindwa kujizuia.

"Yaani tumekaa mlangoni tunaambiana tangulia wewe," alisema Tabitha, "na nyumba inaungua."

"Unajua kinakokwenda? Pipani."

Tabitha aliacha kucheka. "Pipani? Mwanangu mdogo aliniuliza jana kama matofaa ya kwenye basi ni ya kweli."

Delphia alimweleza yote aliyoambiwa na Treva, kwa mpangilio, bila kuongeza wala kupunguza. Tabitha alielewa upesi.

"Sawa," alisema. "Lakini kesho nani ataanza? Watoto hawataanza. Unawajua. Na mimi nikianza, watu watasema Mosley amepata kazi na bado anagombania sandwichi."

"Watasema hivyo kweli," alisema Delphia.

Kelsie aliona bibi yake ameshika geti kwa mikono miwili.

"Nitaanza mimi," Delphia alisema mwishowe. "Wewe uwe wa pili. Na usichelewe, nisije nikasimama pale peke yangu kama nguzo."

Ijumaa Delphia alivaa gauni la kanisani. Njiani aligonga kila nyumba yenye mtoto. Kwa kila mlango alisema maneno yale yale: "Chakula tusichokula kinatupwa. Leo basi lisiondoke na kitu." Wengine walimwamini. Wengine walikuja kumwona Delphia Napier akiwa wa kwanza kwenye foleni, jambo ambalo hawakuwahi kuliona.

Basi lilisimama. Treva alifungua mlango. Uwanjani palikuwa na watoto wengi, na watu wazima nyuma yao, na kama kawaida hakuna aliyesogea.

Delphia alivuka uwanja. Alikuwa amemshika Jace mkono wa kulia na Kelsie mkono wa kushoto. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alifika mlangoni mwa basi, akageuka akawatazama majirani zake.

"Haya, mmeniona," alisema. "Mimi ndiye wa kwanza. Anayetaka kunisema, aniseme akiwa kwenye foleni."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Jace alipokea mfuko wake, akachungulia ndani.

"Bibi, tofaa ni la kweli."

Tabitha alisogea na watoto wake wanne. Nyuma yao foleni ikajipanga yenyewe. Mifuko ilitoka upesi, na Treva alihesabu kila mmoja alipoukabidhi, kama kazi yake inavyotaka. Kisha akafungua sanduku la mwisho, akatazama ndani, akatazama foleni.

"Imekwisha," alisema.

Kwenye foleni walibaki watoto watatu. Mmoja wao alikuwa mdogo kuliko Jace. Delphia alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ametangulia, na sasa watoto wa wenzake walikuwa wamekosa. Alinyoosha mkono kuuchukua mfuko wa Jace.

"Bi Delphia, mwache mtoto ale," alisema Treva. "Nilileta michache kwa sababu siku zote ilirudi."

Kwetu bondeni simu hazishiki mtandao, lakini basi la shule lina redio. Treva aliishika. "Jikoni, hapa kwa Bata Mzinga. Nahitaji mifuko mingine. Leteni na gari dogo."

Redio ilikwaruza. "Treva, umesema mingine?"

"Nimesema mingine. Na kuanzia Jumatatu tengenezeni mara mbili."

"Kwani huko kumetokea nini?"

Treva alimtazama Delphia. "Watu wamekula," alijibu.

Walingoja. Watu wazima walikaa kwenye ngazi za kanisa, wakazungumza habari za bustani. Gari dogo lilifika na sanduku jipya, na watoto watatu walipata mifuko sawa na ya wengine. Mifuko miwili ilibaki, na Treva aliwapa watoto wawili wa seremala aliyekuwa anatengeneza daraja, ambao hawakuwa wa bonde letu kabisa. Hakuna aliyewauliza wanatoka wapi.

Delphia alisimama akitazama mpaka mfuko wa mwisho. Alikuwa ameambiwa kwamba sufuria hii haipungui. Sasa alikuwa ameiona.

Basi halikuondolewa. Lilikuja kila siku ya kazi mpaka shule ilipofunguliwa mwezi wa Agosti. Foleni haikuhitaji tena mtu wa kuianzisha, ingawa watoto wa Mosley na wa Napier waliendelea kubishana, kila upande ukisema mwingine ndio utangulie. Treva alikomesha ubishi huo kwa kuita kuanzia mdogo mpaka mkubwa.

Siku moja Jace alirudi nyumbani na nusu ya sandwichi ndani ya mfuko.

"Nimekuwekea, Bibi."

"Hiyo ni yako. Imelipiwa uile wewe, mimi sina umri huo tena. Maliza."

"Sasa wewe utakula nini?"

Delphia alielekeza kidole jikoni. Ilikuwa Jumatatu. Maharage yalikuwa yanatokota, sufuria ile ile, kipimo kile kile. Lakini watoto walikuwa wamekula mchana, na sasa sufuria ilikuwa ya chakula cha jioni tu. Kando yake kulikuwa na bakuli la maharage mabichi, ya kwanza kutoka bustanini, na viazi vilivyokwisha kukua.

Jioni Kelsie aliandaa meza. Aliweka sahani tatu. Alichukua mwiko kabla bibi hajaushika, akapakua sahani ya kwanza, akaiweka mbele ya Delphia.

"Mimi ni wa mwisho hapa nyumbani," alisema Delphia.

"Kwenye basi ulikuwa wa kwanza, na hakuna aliyekufa."

Jace alicheka mpaka akakohoa. Delphia alimtazama Kelsie kwa lile jicho la kanisani, lakini Kelsie hakurudi nyuma. Alisimama na mwiko mkononi, akingoja.

Delphia alikata mkate, akaula na maharage, akasafisha sahani kwa kipande cha mwisho. Kisha akaisogeza mbele.

"Ongeza kidogo," alisema.